Black Keys na mirunda isiyotolewa

Najua wengine mko kwenye test na wengine mnahesabu siku boom liingie, kwa hiyo leo siasa naziweka pembeni. Leo ni muziki. Kuna ubishi umekuwa ukiendelea kwa washkaji wa chumba cha jirani tangu nilipoanza kuwapigia wale wazungu wawili wa Ohio, The Black Keys, na nimeona niuweke hapa kwa maandishi. Kwa mdomo kila siku anashinda mwenye sauti kubwa, na mimi sauti yangu mnaijua.

Ubishi wenyewe uko hivi. Kundi la kwanza linasema jamaa walikuwa wakali enzi zile wanarekodi kwenye chumba cha chini ya nyumba, hela ilipoingia wakaharibika. Kundi la pili linasema huo ni ushamba, jamaa walianza kusikilizika pale walipopata prodyuza wa maana. Mimi nasema makundi yote mawili hayajagusa penyewe. Kilichowajenga hawa jamaa ni kujua lini waombe msaada na lini wauache. Kilichowayumbisha miaka ya karibuni ni kusahau hiyo sehemu ya pili.

Kwa wasiowajua, niwatambulishe haraka. Dan Auerbach anaimba na kupiga gitaa. Patrick Carney anapiga dramu. Basi, bendi imeisha hapo. Wamekulia mtaa mmoja mjini Akron, wote waliingia chuo kikuu cha mji wao na wote wakaacha (tafadhali msiwapelekee wazazi hii habari). Mwaka 2001 Auerbach alikuwa anataka kurekodi nyimbo za kuonyeshea kazi yake, Carney akawa ndiye mwenye vyombo vya kurekodia. Wapigaji wengine walioahidi kuja hawakutokea. Carney akaacha mashine inazunguka, akakaa mwenyewe kwenye dramu. Yaani bendi imezaliwa kwa sababu watu hawakuja! Jina walilipata kwa Alfred McMoore, msanii mchoraji wa hapo Akron aliyekuwa na ugonjwa wa akili; mtu akimuudhi alikuwa anamwita "black key", vile vitufe vyeusi vya kinanda.

Sasa kuna mtu ataniuliza, watu wawili bila besi wanajazaje wimbo? Hapo ndipo lazima umjue mwalimu wao wa kwanza. Huyo anaitwa Junior Kimbrough, mzee wa vilima vya kaskazini mwa Mississippi. Bluzi tuliyoizoea kwenye filamu ina mzunguko wake, gitaa linatoka kodi moja kwenda nyingine halafu linarudi nyumbani, unajua kabisa wapi litageuka. Bluzi ya vilimani haina haraka hiyo. Inakaa kwenye kodi moja, gitaa linarudia kijipande kilekile, nyuzi nene zinafanya kazi ya besi na nyembamba zinajibu, dramu inasukuma chini. Dakika tano, sita, saba. Ukiisikiliza umekaa utasema mbona haiendi popote. Ukisimama mwili unaelewa wenyewe. Ni muziki wa kuchezea, wa kukesha. Kimbrough alikuwa na ukumbi wake sehemu inaitwa Chulahoma, watu wanakunywa na kucheza mpaka usiku mwingi. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1992 akiwa na miaka zaidi ya 60. Alifariki 1998, na ule ukumbi ukaungua mwaka 2000.

Auerbach alimshika huyu mzee kama sisi tunavyoshika past papers. Ndiyo maana albamu yao ya kwanza, The Big Come Up ya 2002, ina wimbo wa Kimbrough ndani, na ya pili, Thickfreakness ya 2003, ina mwingine. Hiyo ya pili waliirekodi nyumbani kwa Carney kwa muda wa saa 14 hivi, kwa rekoda ya tepu ya njia nane iliyotengenezwa miaka ya 1980. Saa 14 wadau. Kuna watu hapa assignment ya kurasa tatu inawachukua wiki mbili. Gitaa linakwaruza, dramu zinasikika kama mtu anagonga mlango wa bati, na sauti ya Auerbach inatoka kama ya mtu mzima wa miaka 50 wakati alikuwa na miaka 23 tu.

Mwaka 2004 wakatoa Rubber Factory, na hapa watu wa Arusha naomba msogee karibu. Akron ndio ulikuwa mji mkuu wa matairi Marekani. Goodyear, Firestone, Goodrich na General Tire zote zilikuwa na makao pale. Baadaye viwanda vikafungwa kimoja kimoja. Auerbach na Carney walipokosa mahali pa kurekodi wakaingia kwenye jengo lililoachwa la General Tire, ghorofa ya pili, wakafunga vyombo vyao humo kwa miezi kama mitano. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoingia ubia na serikali yetu kuanzisha kiwanda cha General Tyre pale Arusha, ambacho nacho kilikuja kusimamisha uzalishaji. Kwa hiyo mtu aliyekulia jirani na kiwanda kile hahitaji kutafsiriwa ile albamu. Anajua ukimya wa jengo lililokuwa na mashine. Jengo la Akron lilibomolewa mwaka 2010, limebaki kwenye muziki tu.

Halafu 2006 wakatoa kitu kidogo kinaitwa Chulahoma: nyimbo sita, zote za Junior Kimbrough. Mwishoni kabisa unasikia ujumbe wa simu wa mjane wa Kimbrough akiwapongeza, kwamba wamempiga mume wake vizuri. Mimi hapo huwa nanyamaza. Vijana wawili wa kizungu wameuchukua muziki wa mzee mweusi maskini wa Mississippi, na hilo ni jambo ambalo lina historia mbaya sana kule Marekani. Wangapi walichukua na hawakutaja hata jina la mwenyewe! Hawa walimtaja tangu siku ya kwanza, na mwisho wa daftari wakaacha aliyelala na mwenye muziki ndiye asahihishe.

Sasa tuje kwenye penye ubishi. Mwaka huohuo wa 2006 walitoa Magic Potion, wakiwa wamehamia lebo kubwa zaidi, Nonesuch. Wakarudi kurekodi kulekule chini ya nyumba, nyimbo zote za kwao wenyewe. Nyie wa kundi la kwanza, niambieni kwa ukweli, ni lini mara ya mwisho mmeisikiliza hiyo albamu yote? Gitaa lilelile, dramu zilezile, lakini unasikia watu wanaojirudia. Chumba kilikuwa kimewaishia. Kwa hiyo hoja kwamba wangebaki mule mule tungekuwa tunapata Thickfreakness kila mwaka, hiyo imekufa 2006, na waliyeiua ni wenyewe.

Wenzangu wa Elimu mnakumbuka yale mambo ya mwalimu kumshika mwanafunzi mkono kwenye kazi ambayo peke yake haiwezi, halafu anamwachia kidogokidogo. Kwenye vitabu vyetu ina majina marefu. Mimi huwa naikumbuka kwa mirunda. Fundi akitaka kumwaga zege la ghorofa anasimamisha mirunda chini, miti imejaa huwezi hata kupita. Zege likikauka mirunda inatolewa. Bila mirunda zege linaanguka. Lakini mirunda isipotolewa, hiyo nyumba haikaliki, na hutajua kama zege lilishika.

Black Keys mirunda yao ya kwanza iliitwa Danger Mouse. Jina lake halisi Brian Burton, ndiye nusu ya Gnarls Barkley waliotuchanganya na Crazy mwaka 2006. Alikuwa anatayarisha nyimbo kwa ajili ya mzee Ike Turner, akawaomba hawa vijana wachangie. Ike Turner akafariki Desemba 2007, kazi ikageuka ikawa albamu yao, Attack & Release ya 2008. Mara ya kwanza wanaingia studio ya kulipia yenye mtu mwingine anayeamua. Ghafla kuna kinanda, kuna banjo, kuna besi, kuna mjomba wake Carney anapuliza vyombo vya ajabuajabu. Bado ni bluzi, ila sasa ina vyumba.

Angalieni kilichofuata, maana hapa ndipo hoja yangu ilipolala. Kwanza walikaribia kuvunjika. Auerbach alirekodi albamu yake binafsi bila kumwambia mwenzake, ikatoka 2009, Carney akaumia. Mwaka huohuo wakafanya Blakroc na watu wa hip hop kama Mos Def na RZA, na humo Auerbach akazoea kushika besi, wakajifunza kuanza wimbo na dramu na besi, gitaa lije baadaye. Halafu wakaenda Muscle Shoals, Alabama, kijimji chenye studio yenye historia kubwa ya muziki wa soul, hakuna starehe, hakuna cha kufanya isipokuwa kazi. Wakatoka na Brothers ya 2010.

Na Danger Mouse? Ametengeneza wimbo mmoja tu, Tighten Up. Nyingine hakuzitayarisha yeye. Mirunda imetolewa, zege limeshika! Mwezi Februari 2011 Brothers ilichukua Grammy tatu, moja ya Tighten Up, moja ya albamu bora ya muziki mbadala, na moja ya jalada lililobuniwa na kaka yake Carney, jalada ambalo limeandikwa tu kwamba hii ni albamu ya fulani inaitwa fulani. Kwangu mimi hiyo ndiyo albamu yao bora. Ukiisikiliza unasikia kila walichofundishwa, lakini humsikii mwalimu.

El Camino ya Desemba 2011 wakamrudisha Danger Mouse, safari hii anatunga nao kila wimbo. Sitajifanya mtakatifu, hiyo albamu naipenda. Lonely Boy ikipigwa, hata mtu wa Law anacheza. Video yake ni mtu mmoja tu anacheza mlangoni mwa moteli mwanzo mpaka mwisho, na inatosha. Kwenye jalada jina linasema El Camino, lakini picha ni ya gari la familia kama Noah zetu, aina ya gari walilozungukia nalo enzi za shida. Wiki ya kwanza Marekani peke yake zilitoka nakala 206,000. Mwaka 2012 tiketi za ukumbi wa Madison Square Garden ziliisha ndani ya dakika 15. Mwaka 2013 Grammy tena. Turn Blue ya 2014 ikawa ya kwanza kwao kushika namba moja Marekani, imepoa, ina huzuni, ndoa ya Auerbach ilikuwa imevunjika. Inafunguliwa na wimbo wa karibu dakika saba ambao gitaa linalia kama halitaki kuisha.

Kundi la kwanza huwa linadakia hapa: "Si unaona, wameuza!" Jamani. Mwanzoni kabisa hawa watu walikuwa wanafyeka nyasi za watu ili waishi. Waliwahi kuletewa hela ndefu ya tangazo la mayonnaise Uingereza wakakataa, kwa kuogopa maneno kama haya ya kwenu. Baadaye wakaanza kukubali matangazo, na mimi siwalaumu hata kidogo. Mtu ambaye bundle ananunuliwa na mwenzie asimpangie msanii njaa. Kuuza wimbo uliokwisha kuutunga hakuubadilishi huo wimbo. Kinachobadilisha wimbo ni nani alikuwa chumbani wakati unatungwa.

Wengine wananiletea White Stripes. Sawa, tuwaangalie. Wawili pia, wa Detroit, 1997, nao bila besi. Hao walichagua njia nyingine, masharti yao wakayafanya sheria: nguo nyekundu, nyeupe na nyeusi, vyombo vichache, usiongeze kitu ovyo. Albamu sita kutoka 1999 mpaka 2007, na Februari 2011 wakatangaza wamemaliza. Mwaka 2025 wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame. Heshima yao ipo. Lakini sheria inayokulinda usiharibike ndiyo hiyohiyo inayokuzuia kuzeeka. Black Keys walichagua kuzeeka mbele ya watu, na kuzeeka kuna aibu zake.

Baada ya Turn Blue walikaa kimya miaka mitano. Mwaka 2019 wakarudi na "Let's Rock", bila Danger Mouse, gitaa na dramu mbele. Nzuri, haina maajabu. Maajabu yalikuja 2021 na Delta Kream. Walikaa studio ya Auerbach pale Nashville mchana wa siku mbili, jumla ya saa kama kumi, wakapiga nyimbo 11 za wazee wa vilimani, wakina Kimbrough na R. L. Burnside. Na waliwaita watu wawili wa kuwasaidia: Kenny Brown, aliyepiga gitaa na Burnside miaka mingi, na Eric Deaton, aliyepiga na Kimbrough. Hao walikuwa wanafunzi waliokaa dawati la mbele wakati Auerbach bado anasikiliza kwa mbali. Hakuna aliyekuja kuwafanya wasikike kisasa. Inasikika kama watu wanne wazima wanaosikilizana, hakuna anayekimbilia.

Halafu sasa, ndugu zangu. Ohio Players ya 2024. Beck katunga nao karibu nusu ya albamu au zaidi, Noel Gallagher wa Oasis yumo, Dan the Automator yumo, marapa wa Memphis wamo. Nyimbo nyingine ni tamu, sikatai. Lakini nikimaliza huwa najiuliza, hawa wawili walikuwa wapi? Ni kama ile kazi ya kikundi ya watu kumi, imeandikwa vizuri, ina majina kumi juu, na ukimuuliza mmoja aeleze ukurasa wa nne anaangalia dari. Mwaka huohuo walitangaza ziara ya kumbi kubwakubwa Amerika Kaskazini, mwezi Mei wakaifuta, wakasema watatafuta kumbi ndogo zaidi, na muda mfupi baadaye wakaachana na mameneja wao. Agosti 2025 wakaleta No Rain, No Flowers, na kwa mara nyingine wameita watunzi wa nje, Rick Nowels, Daniel Tashian, mpaka Scott Storch wa kwenye hip hop. Mirunda kila kona. Zege limekauka tangu 2010, mafundi wanaogopa kuitoa.

Nasema wanaogopa kwa sababu sioni sababu nyingine. Wanaweza, walishatuonyesha. Mtu aliyerekodi albamu kwa saa 14, na miaka mingi baadaye akarekodi nyingine kwa saa kumi, huyo hakosi uwezo. Ninavyoona mimi, ukishajaza Madison Square Garden kwa dakika 15 unaanza kujipima kwa ukubwa wa ukumbi, na ukumbi mkubwa unaupa hofu kila wimbo mdogo. Junior Kimbrough alijipima kwa kibanda kimoja cha Chulahoma, na bado tunamzungumzia hapa, kwenye nchi ambayo hakuwahi kuiona.

Mnajua kwa nini hili linanigusa. Mwezi Julai tunaenda TP. Msimamizi atakuja mara mbili, labda tatu, atakaa nyuma na fomu yake, ataondoka. Siku nyingine zote ni wewe, ubao, na watoto 80 wanaokuangalia. Maandalio ya somo ya kudesa hayatakusaidia mtoto akiuliza swali ambalo halimo. Sisemi msiombe msaada, mimi mwenyewe bila discussion ya usiku nisingefika mwaka wa tatu. Nasema kila msaada uwe na tarehe ya kuisha. Omba, jifunze, halafu waambie asanteni, naomba nijaribu mwenyewe. Asiyefika hapo hajafundishwa, kabebwa tu.

Kwa wenye bundle, sikilizeni kwa mpangilio huu: Thickfreakness, Chulahoma, Brothers, halafu Delta Kream. Albamu tatu na kale kadogo, mtakuwa mmesikia safari nzima. El Camino wekeni siku ya birthday ya mtu. Na kabla ya yote tafuteni wimbo mmoja wa Junior Kimbrough mwenyewe, zimeni taa, na msimame.

Nawasilisha. Anayebisha anikute kafeteria kesho saa saba, chai ni juu yake.